Mtoto Anayengoja Sita

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, aliturudishia ubao wa ludo tuliomchongea. Ubao wenyewe haukuwa na kasoro. Ulikuwa wa mbao ya mwembe, umepigwa msasa mpaka unateleza, rangi nne zimekaa sawasawa. Akauweka juu ya meza ya kazi akasema, "Fundi, kazi yako nzuri, sina neno. Lakini umeniingizia kilio nyumbani. Huyu wangu mdogo kila usiku analala na machozi."

Nikamuuliza mtoto hulilia nini.

"Sita haimtokei."

Wanaocheza ludo wanajua maana yake. Kete haitoki nyumbani mpaka dadu ionyeshe sita. Usiku ule nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kuuza ubao wa kwanza. Mtupo mmoja una nafasi moja kati ya sita. Ukitupa mara tano, uwezekano wa kutoiona sita hata mara moja ni asilimia 40. Ukitupa mara kumi, bado ni asilimia 16. Sasa wakae wachezaji wanne kwenye mkeka. Baada ya kila mmoja kupata zamu tano, uwezekano wa wote wanne kuwa wameshatoka ni asilimia 13 tu. Yaani karibu kila mara mchezo unapofunguliwa, yupo mmoja anayewatazama wenzake wakizunguka. Akiwa mtu mzima atapiga soga na kungoja. Akiwa ana miaka mitano, atalia, na ana haki.

Yule mama tulimbadilishia ubao akachukua wa drafti. Mimi nikabaki na swali lake, na mchezo tunaoutengeneza leo, Maji Kujaa, umetokana na swali hilo. Wateja wengi wanauliza kwa nini una dadu mbili, kwa nini hakuna kula kete, na kwa nini wengine wanapewa vifuko badala ya dadu. Nitaeleza.

Hapa Lamu mchezo wa heshima ni bao. Mashimo 32, kete 64, na bahati haina nafasi hata kidogo. Ndiyo sababu mzee wa barazani akimshinda kijana, kijana hana cha kusingizia. Lakini mjukuu wa miaka saba hatamshinda babu yake kwenye bao, si leo wala mwaka ujao, na anajua hivyo kabla hajaketi. Upande wa pili kuna nyoka na ngazi. Pale mtoto na profesa wako sawa kabisa, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeamua chochote. Unatupa, unahesabu, unapanda au unamezwa. Babu akicheza mara mbili anaomba ruhusa akanywe kahawa yake.

Familia inataka mchezo ulio katikati ya hivyo viwili. Mdogo awe na tumaini la kweli la kushinda, na mkubwa apate cha kufikiria. Kazi yote ya kubuni mchezo wa dadu iko hapo. Jibu tulilolipata baada ya miezi kadhaa ni hili: dadu isikupe amri, ikupe chaguo.

Ubao wa Maji Kujaa ni safari ya jahazi kutoka Lamu kwenda Kiwayu. Unapita Manda, unaingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, unafika Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, mpaka mwisho. Pembeni kuna duara la maji lenye hatua 12, sita za kujaa na sita za kupwa, na kila hatua ni kama saa moja ya bahari ya kweli. Ukitupa dadu mbili, moja unaipa jahazi lako na nyingine unaipa maji. Ipi iende wapi, unaamua wewe.

Chukua mfano umepata sita na mbili. Mtoto mdogo atalipa jahazi sita bila kuwaza, na ni sawa, kwa sababu atasonga. Bibi yake ataangalia nani anakaribia Mkanda. Kila aliyepita mle kwa mashua anajua kuwa maji yakikauka hupiti, unangoja. Kwa hiyo bibi anaweza kuridhika na hatua mbili, kisha akayasukuma maji hatua sita yakapwe usoni pa mtoto wa dada yake. Dadu ni zilezile, mkeka ni uleule, lakini kila mtu anacheza kwa kiasi cha akili yake, na mdogo haachwi mbali. Anayechagua dadu kubwa kila mara anapata wastani wa hatua karibu 4.5 kwa zamu, wakati mwenye dadu moja anapata 3.5. Mwenye haraka ana faida yake na mwenye mipango ana yake.

Hatukufika hapo kwa mara moja. Ubao wa kwanza ulikuwa na vituo 100, kwa kuiga nyoka na ngazi tu, wala hatukujiuliza kwa nini. Jioni tuliyoujaribu nyumbani kwetu ilipita saa nzima na nusu, na mama yangu akasinzia jahazi lake likiwa Siyu. Tukapunguza hadi vituo 60. Kwa mwendo wa 4.5, hizo ni zamu 14 hivi, ongeza mbili tatu za kukwama. Watu wanne wanamaliza kwa dakika 40 hivi. Familia inaweza kucheza baada ya tarawehe na watoto wakawahi kulala.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilikuwa lile lile la ludo limevaa kanzu nyingine. Tuliweka sheria kwamba jahazi likikutwa ndani ya Mkanda maji yakipwa, linakwama mpaka yajae tena. Kwa bahari ni kweli. Kwa mtoto ni ile ile sita isiyotoka. Mpwa wangu alikwama zamu nne mfululizo, akaanza kuvuta nyuzi za mkeka, nami nikaona tumerudi tulikotoka. Tangu siku hiyo tuna kanuni moja karakanani ambayo hatuivunji kwa mchezo wowote: hakuna zamu tupu. Aliyekwama bado anatupa dadu zake. Dadu moja anayasukumia maji ili yarudi upesi, na nyingine anaokotea kaa kwenye mikoko, kadiri ya namba iliyotoka. Kaa hao wanahesabiwa alama mwishoni. Sasa wako watoto wanaojikwamisha makusudi. Sikuipanga hiyo, lakini naipenda sana.

Kula kete tuliondoa. Najua wapo wanaosema mchezo bila kula hauna chumvi, na vijana wakicheza wao kwa wao nakubaliana nao. Lakini tunachonga kwa ajili ya mkeka mmoja wenye bibi, mama na mtoto wa miaka mitano, na kumrudisha mwanzo mtoto aliyekwisha fika Faza ni kumfukuza mchezoni. Kwetu majahazi mawili yakikutana kituo kimoja hubadilishana mzigo, na hapo ndipo kelele na vicheko vinapoanza. Vilevile mchezo unakoma mara tu jahazi la kwanza linapofika Kiwayu. Alama zinahesabiwa palepale, na hakuna anayebaki kuvuta zamu peke yake ili ajue kama ni wa tatu au wa nne.

Kuhusu dadu zenyewe nina maneno mengi, kwa sababu zilitutesa. Tulizikata kutoka mabaki ya mbambakofi, mti wa mbao ngumu, ubavu milimita 18, nukta tukazitoboa kwa drili, zote upana mmoja na kina kimoja. Zilipendeza. Kisha mtoto wa jirani akasema, "Ami, hii dadu inampenda mwenye sita." Tukaitupa mara 120. Dadu ya haki ingetoa kila namba karibu mara 20, na kupata 15 au 25 si jambo la kushtua. Sita ilitoka mara 34.

Sababu ni nyepesi ukishaiona. Upande wa sita umetobolewa matundu sita, upande wa moja tundu moja tu, na pande hizo mbili zimekabiliana, kwa maana kwenye dadu pande zinazotazamana hujumlika saba. Upande uliopoteza mbao nyingi ni mwepesi, nao hupenda kubaki juu. Siku hizi tundu la moja tunalitoboa pana na la kina, na matundu ya sita tunayafanya madogo, karibu ya kuguswa tu. Halafu kabla ya vanishi tunaiweka kila dadu ielee kwenye ndoo ya maji na kuigeuza kwa kidole. Ikiwa kila mara inajigeuza kuonyesha uso uleule, mbao yake ina uzito upande mmoja, na dadu hiyo haitoki karakanani. Ukiwa na dadu za mbao nyumbani unaweza kuijaribu hivyo, dakika moja tu, kisha uifute ikauke kivulini.

Tena, jambo dogo: tupieni ndani ya sinia lililotandikwa kitambaa. Sakafu za nyumba zetu zinazirusha dadu mbali, na tumeshauza dadu za akiba nyingi kwa watu wanaochezea kwenye daka la mlangoni karibu na mtaro.

Nafika kwenye vifuko. Hapa petu swali la kwanza la wazazi wengi si bei. Wanauliza dadu inaruhusiwa? Katika Sahihi Muslim imo hadithi inayokataza nardashiri, mchezo wa dadu wa zamani. Wako wanaoizuia dadu ya kila namna kwa ajili ya hadithi hiyo, na wako wanaotazama kwanza kama kuna kamari. Mimi ni fundi seremala, si kazi yangu kutoa fatwa, na kila mmoja namwambia amuulize shekhe wake. Kazi yangu ni kuhakikisha nyumba isiyotaka dadu inapata mchezo kamili.

Tulijaribu makauri ya baharini kwanza, kwa sababu mchezo wa pachisi wa India, ambayo ludo imetokana nayo, hutupwa kwa makauri. Lakini kauri hazianguki sawa, na namba za katikati hutoka mno kuliko za pembeni. Tukaja kwenye vifuko. Kila mchezaji ana kifuko chake cha kitambaa cha kikoi, ndani mna vipande sita vya mbao, namba moja hadi sita. Unatoa viwili bila kuchungulia, unachagua kipi cha jahazi na kipi cha maji, kisha unaviweka kando. Baada ya zamu tatu kifuko kimekwisha, unavirudisha vyote.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kimenifanya nipende vifuko kuliko dadu. Dadu haikumbuki, lakini kifuko kinakumbuka. Kwenye dadu unaweza kutupa mara ishirini bila kuona sita. Kwenye kifuko, ndani ya zamu tatu kila mtu amepata sita yake, lazima. Bahati imebaki kwenye mpangilio tu. Na mtoto wa miaka kumi anaanza kuhesabu mwenyewe: nimeshatoa nne na tano, moja na sita, basi zimebaki mbili na tatu. Kama kwako kuna mtoto anayelia, chukua vifuko hata kama huna neno na dadu.

Kwa wanaobaki na dadu tuna sheria ya mdogo. Aliye chini ya miaka saba anatupa dadu tatu na kuchagua mbili. Uwezekano wake wa kupata walau sita moja unapanda kutoka asilimia 31 hadi 42. Mwambieni waziwazi kuwa ni sheria ya mchezo kwa umri wake. Msimwachie kushinda kwa siri, watoto wanajua.

Ubao wa mwembe wenye njia ya Kiwayu ni shilingi 4,500, pamoja na majahazi manne na dadu tatu, au vifuko vinne. Wa mbambakofi ni shilingi 7,000, mzito zaidi na unadumu. Tunachonga pia njia ya kwenu wenyewe. Sasa hivi tuko na ubao wa familia ya Malindi unaokwenda Mambrui, na mdomo wa Mto Sabaki umechukua nafasi ya Mkanda. Ukiagiza, tuambie mambo matatu: mko wangapi, mdogo kabisa ana miaka mingapi, na mnataka dadu au vifuko. Kazi inachukua wiki mbili. Wakati wa kusi ongeza siku tatu, mbao haikauki haraka. Mzigo unavuka kwa mashua hadi Mokowe, na kutoka hapo unakwenda kwa basi.