Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi, wazazi na walezi, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana shuleni kwetu. Tunajua una majukumu mengi, na kufika kwako kumetutia moyo.

Mheshimiwa, klabu yetu ilianza na wanachama saba, bila hata brashi moja. Tulidhani pasipo rangi za dukani na safari ya mbugani hakuna cha kuchora. Mlezi wetu akatupa sharti: kila Ijumaa, kila mmoja aje na kitu ambacho kwao hakuna anayekitazama. Zikaja ndala zilizokatika ukanda, vifuniko vya soda, fagio za chelewa, mbuzi za nazi, ngata ya khanga iliyopauka. Mkaa wa jikoni ukawa penseli yetu.

Naomba nieleze picha moja tu, ile iliyo karibu na mlango. Ni ndala mbili za bluu. Ya kulia imelika kisigino mpaka imetoboka. Ya kushoto bado ina mistari yake. Mwenzetu alikaa nazo wiki tatu. Siku tunaitundika, mama yetu mpishi alipita, akasimama, akasema, "Hizo zangu." Ndipo akatueleza kwamba ndoo za maji huzibeba kwa mkono wa kulia, na uzito wote huangukia upande huo. Tunakula chakula chake kila siku, Mheshimiwa, na hatukuwahi kuliona hilo.

Njia hii wengine walishaipita. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi za dari na rangi ya kupaka baiskeli. Ule mng'ao unaowavuta watalii hadi leo ulitoka kwenye kopo la namna hiyo. Alifariki mwaka 1972, na jina lake likabaki kuwa jina la mtindo mzima.

Changamoto yetu kubwa ni mahali pa kuhifadhia kazi. Tunazirundika stoo ya majembe, na masika yaliyopita picha kumi na moja ziliozea humo. Linalotuuma zaidi ni kwamba baadhi ya wazazi wetu bado wanaona tunapoteza muda wa masomo. Wazazi wetu, tunawaomba leo mpite taratibu mbele ya picha. Vingi mtakavyoviona vimetoka majikoni kwenu.

Mheshimiwa, tunaomba utusaidie kabati lenye mlango, na ruhusa ya kuuchora ukuta wa nje unaotazama kituo cha daladala. Rangi mpya si lazima. Masalia ya rangi za ujenzi yanatutosha.

Na ukimaliza kutazama picha, tunaomba ufike jikoni. Mama mpishi anakusubiri, na ndala zile bado anazivaa.

Naomba kuwasilisha.