Salamu za Krismasi kwa Washarika Walioko Nairobi na Walio Njiani

Wapendwa washarika, wazee wetu, akina mama, vijana na watoto, nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, ambaye kuzaliwa kwake horini tunakusherehekea tena majuma haya ya Majilio yanapofikia mwisho. Najua kwamba wengi wenu mtakapoupokea waraka huu mtakuwa mmekwisha kufunga mizigo, na nauli, kama ilivyo desturi ya Desemba, itakuwa imekwisha kupanda. Kwa kuwa ibada ya siku kuu yenyewe wengi mtaifanya katika makanisa ya mashambani mlikobatizwa, nimeona salamu zangu mwaka huu ziwe juu ya kanisa moja la shamba, ijapokuwa liko mbali nasi: kanisa kuukuu la Kilutheri la Petäjävesi, katikati ya nchi ya Ufini.

Kanisa hilo lilijengwa kati ya mwaka 1763 na 1765, Ufini ikiwa bado chini ya taji la Uswidi, na fundi wake mkuu alikuwa Jaakko Klemetinpoika Leppänen. Liliwekwa kwenye rasi, maji yakilizunguka, nalo halikuwekwa hapo kwa sababu ya uzuri wa mandhari: wakati wa kiangazi watu walifika kwa mashua, na maji yalipoganda walifika kwa sleji zilizokokotwa na farasi juu ya barafu. Katika nchi ya misitu isiyo na barabara, ziwa ndilo lililokuwa njia kuu, na mwenye kujenga kanisa alilijenga pale njia zilipokutana.

Kuta zake ni magogo ya msonobari yaliyochongwa kwa shoka, yakalazwa moja juu ya jingine, na kwenye pembe yakakatwa mapengo na kupandanishwa kama vidole vya mikono iliyofumbatana katika sala. Ukuta wa namna hiyo una kikomo chake, kwa maana hauwezi kwa urahisi kuwa mrefu kuliko mti uliouzaa. Ndiyo maana mafundi wa kaskazini walipenda umbo la msalaba, ambalo huongeza nafasi ya watu bila kudai gogo refu zaidi, na pembe zake nyingi huzidi kulikaza jengo. Petäjävesi ina umbo hilo, mikono minne ikiwa karibu sawa kwa urefu, mfano ulioanzia katika makanisa ya mawe ya miji mikubwa ya Ulaya. Juu yake dari la mbao limepindwa likakutana katikati na kuwa kuba la pembe nane, na juu ya kuba kuna paa lenye mwinamo mkali, lililoezekwa kwa vigae vya mbao ili theluji isikae. Ndani, kuta hazikupakwa rangi. Mbao zimeachwa zizeeke zenyewe. Mimbari imechongwa sura za malaika, na chini yake yuko Mtakatifu Kristofa, yule ambaye masimulizi ya kale husema alimvusha mtoto Yesu mtoni mabegani mwake, sasa akiwa amebeba mahali pa kuhubiriwa Neno. Kwa maoni yangu hakuna mchongo unaolifaa Krismasi kuliko huo. Mnara wa kengele uliongezwa mwaka 1821 na Erkki Leppänen, mjukuu wa fundi yule wa kwanza.

Kanisa hilo halikuwa na moto wa kulipasha joto. Sisi ambao Krismasi yetu huangukia msimu wa jua na maembe yapaswa tufikirie watu wa sehemu zile, ambako urefu wa mchana mwishoni mwa Desemba hauzidi sana muda wa saa tano, wakiondoka nyumbani gizani alfajiri ya siku kuu na kuvuka ziwa lililoganda ili waketi katika nyumba yenye baridi kama ya nje, waimbe habari za Nuru iliyokuja ulimwenguni.

Mwaka 1879 usharika ulipata kanisa jipya, na lile la kale likaachwa. Lilikaa hivyo miaka mingi, hata katika miaka ya 1920 mwanahistoria wa sanaa kutoka Austria, Josef Strzygowski, alipolisifu mbele ya watu, ndipo kazi ya kulitengeneza ikaanza. Mwaka 1994 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Inanisikitisha kidogo kwamba alihitajika mgeni aje kuwaonyesha wenyeji thamani ya kazi ya babu zao.

Nasema haya kwa sababu makanisa yetu ya mbao na mabanzi, yenye paa la mabati, yanatoweka mbele ya macho yetu. Siwalaumu wanaojenga kwa mawe, maana mchwa hawana huruma na usharika unaokua huhitaji nafasi. Lakini mtakapofika nyumbani, kama kanisa la kwanza bado limesimama kando ya lile jipya, waulizeni wazee ni nani aliyetoa miti, ni nani aliyepasua mbao, na altare ya kwanza ilitengenezwa na nani. Andikeni majibu, pigeni picha, na kama kamati ya ujenzi ina mpango wa kulibomoa, ombeni walau liachwe liwe darasa la shule ya Jumapili.

Nawatakia safari salama, ibada yenye furaha pamoja na wazazi na jamaa zenu, na mwaka mpya wenye heri. Watakaobaki Nairobi, tutakutana kwenye mkesha.