Mchezaji ana haki ya kuhama, lakini shamrashamra za kuhama zimezidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu namna sisi mashabiki, pamoja na ninyi waandishi wa michezo, tunavyozipokea habari za wachezaji nyota wanaohama timu. Dirisha la usajili likifunguliwa, kurasa za michezo hujaa tetesi kuliko matokeo, na mchezaji akishatambulishwa upande wa pili, neno la kwanza kusikika vijiweni hapa Tororo, Uganda, ni “msaliti”. Mimi ni mwalimu wa michezo na mlezi wa timu za vijana, na neno hilo linaniuma kwa sababu vijana ninaowafundisha nao hulisikia. Wanajifunza kutoka kwetu kwamba mchezaji kubadilisha mwajiri ni dhambi, ilhali mwajiri kuchelewesha mishahara ni jambo la kuvumiliwa.

Ninaamini kwamba uaminifu wa mchezaji hupimwa kwa jinsi alivyoutumikia mkataba wake na jinsi alivyoaga. Kuondoka kwenyewe hakumvunjii mtu heshima. Kinachoivunja ni majivuno ya siku ya kuondoka, na majivuno hayo, Mhariri, mara nyingi hupikwa jikoni kwa vyombo vya habari kabla mchezaji hajafungua kinywa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa LeBron James wa Marekani, ambaye vijana wetu wa mpira wa kikapu wanamfahamu vizuri. Alizaliwa Akron, karibu na Cleveland, na mwaka 2003 Cleveland Cavaliers walimchukua akitoka moja kwa moja shule ya sekondari. Aliichezea timu hiyo misimu 7, na mkataba ulipokwisha mwaka 2010 akawa mchezaji huru ambaye hakuna kanuni iliyomzuia kwenda popote. Lakini tarehe 8 Julai mwaka huo aliketi mbele ya kamera za runinga ya michezo ya ESPN katika kipindi cha saa nzima kilichoandaliwa kwa ajili ya tangazo moja tu, na watazamaji wakangojeshwa karibu nusu saa kabla ya kuambiwa kwamba anakwenda Miami Heat. Ni haki kusema pia kwamba mapato ya matangazo ya kipindi hicho, zaidi ya dola milioni 2, yalikwenda kusaidia vituo vya watoto. Hata hivyo, watu wa Cleveland waliomshangilia kwa miaka yote hiyo waliipata habari ile kwenye runinga, kwa wakati mmoja na dunia nzima, na usiku huohuo baadhi yao wakaonekana wakichoma jezi zenye jina lake.

Mmiliki wa Cavaliers, Dan Gilbert, alizidisha moto. Alitoa barua ya wazi iliyojaa ghadhabu, akakiita kitendo kile usaliti wa kioga, na akaahidi kwamba timu yake itatwaa ubingwa kabla ya mchezaji aliyewakimbia. Ligi ilimtoza faini ya dola 100,000. Heat wakatwaa ubingwa mwaka 2012 na 2013, na Cleveland hawakupata kitu.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka wasomaji wako wayatafakari. Mwaka 2014 James alirudi Cleveland, na safari hii hapakuwa na kipindi cha runinga. Aliieleza nia yake katika makala iliyochapishwa na jarida la michezo la Sports Illustrated, kwa lugha ya utulivu ya mtu anayerudi kwao. Mwaka 2016 aliwaongoza kutwaa ubingwa wa kwanza wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, katika historia ya timu hiyo, baada ya kuwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1 dhidi ya Golden State Warriors. Kisha mwaka 2018 aliondoka mara ya pili, kwenda Los Angeles Lakers, na tangazo lake likawa taarifa fupi kutoka kampuni inayomwakilisha. Hasira ile ya 2010 haikurudi. Najua ubingwa wa 2016 ulikuwa umekwisha kulipa deni kubwa, na sidai kwamba ufupi wa taarifa peke yake ndio uliowatuliza watu. Lakini mtu ni yuleyule, timu ni ileile, na mara ya pili aliwaachia mashabiki wake nafasi ya kusikitika bila kudhalilishwa hadharani.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. James alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari mwaka 2002 alipowekwa kwenye jalada la Sports Illustrated na kuitwa mteule. Kijana wa miaka 17 anaambiwa na watu wazima kwamba yeye ni mteule, kila hatua yake inafuatwa na kamera, halafu miaka 8 baadaye tunashangaa akidhani kwamba uamuzi wake wa kikazi unastahili saa nzima ya runinga. Mimi simwondolei lawama, kwa sababu mwaka 2010 alikuwa mtu mzima. Nasema tu kwamba hakuwa peke yake katika kulijenga jukwaa lile.

Na tunapodai uaminifu, tuudai pande zote mbili. Mwezi Februari 2025 Dallas Mavericks walimpeleka Luka Dončić kwa Lakers bila yeye kuomba kuondoka, ilhali msimu mmoja kabla ya hapo alikuwa ameifikisha timu hiyo fainali. Mwaka 2018 Toronto Raptors walifanya vivyo hivyo kwa DeMar DeRozan, mchezaji aliyekuwa nao kwa misimu 9 na aliyekuwa akisema wazi kwamba anataka kubaki. Walimbadilisha na Kawhi Leonard, wakatwaa ubingwa mwaka uliofuata, na shangwe ikafunika kila kitu. Klabu ikimwondoa mchezaji tunaambiwa ni biashara. Mchezaji akiiacha klabu tunaambiwa hana moyo. Mizani ya namna hiyo siwezi kuifundisha darasani.

Hapa kwetu mambo ni hayohayo, ila fedha ni kidogo na kumbukumbu zetu ni fupi zaidi. Emmanuel Okwi, kijana wetu wa soka aliyepitia klabu ya SC Villa, aliipa Simba ya Dar es Salaam furaha isiyosahaulika tarehe 6 Mei 2012 alipofunga mabao 2 katika ushindi wa 5-0 dhidi ya Yanga. Mwanzoni mwa 2013 akauzwa kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa ada iliyotajwa kuwa dola 300,000, yakazuka mabishano ya malipo, akarudi SC Villa, na kabla mwaka haujaisha akawa amesajiliwa na Yanga. Hebu msomaji ajiweke katika nafasi yake: mgogoro na klabu iliyomnunua, klabu iliyomuuza nayo inalalamika haijalipwa, na umri wa kucheza hausubiri. Lakini habari iliyouzwa magazetini ilikuwa moja, nayo ni ya mtu aliyevuka mtaa kwenda kwa watani wa jadi. Mwaka 2014 alirudi Simba, akaenda Denmark mwaka 2015, akarudi tena Msimbazi, yaani Simba, mwaka 2017, na msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 20, Simba wakitwaa ubingwa walioukosa tangu 2012. Waliomwita msaliti waliimba jina lake.

Naye Hamis Kiiza, Mganda mwingine, alifunga mabao akiwa na jezi ya Yanga kisha akafunga akiwa na jezi ya Simba, na dunia haikupasuka. Mganda mwenzake Khalid Aucho aliitumikia Yanga kuanzia 2021 hadi 2025, akatwaa ubingwa wa ligi katika kila msimu aliokuwa hapo na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023, kisha akahamia Singida Black Stars. Kama kuna mtu anayetafuta picha ya uaminifu, hiyo hapo: misimu 4 ya kazi, vikombe kabatini, na mtu akaenda zake.

Kule Kampala, Allan Okello aliyelelewa na klabu ya KCCA alikwenda Paradou ya Algeria mwaka 2020, na baada ya kurudi nchini akaishia kuvaa jezi ya Vipers. Nawaelewa mashabiki wa KCCA waliochukia. Mtoto uliyemwona akikua Lugogo, uwanja wa KCCA, ukimwona akikufunga na jezi ya mpinzani, moyo lazima uume, na mimi sitamwambia mtu asiumie. Kuumia ni sehemu ya kupenda timu. Ninachokataa ni kuumia kugeuzwa matusi dhidi ya mama yake na ndugu zake katika mitandao ya kijamii, na kichwa cha habari cha siku inayofuata kikayapamba matusi hayo.

Ninyi wachezaji nanyi mtusaidie. Mchezaji ambaye mkataba wake ungali hai lakini kila siku anaweka mafumbo mtandaoni, leo picha ya uwanja wa ndege, kesho moyo wenye rangi za timu nyingine, anawachezea watu waliolipa kiingilio kumtazama. Kama mazungumzo yapo, yaachwe mezani mpaka yaishe. Yakiisha, waambiwe kwanza kocha na wachezaji wenzake, klabu itoe taarifa, naye aandike maneno machache ya shukrani yenye majina ya watu. Watu hasa, na si “asanteni wote”.

Inafaa pia tutazame mahali ambapo makelele haya hayafiki. Peace Proscovia, mchezaji wa netiboli, alipotoka klabu ya NIC kwenda kuichezea Loughborough Lightning ya Uingereza, na baadaye Sunshine Coast Lightning ya Australia, hakuna aliyechoma jezi wala kumwita msaliti. Mary Nuba Cholhok akafuata njia hiyohiyo ya Loughborough. Hawa ni mabinti wa netiboli waliolipeleka jina la Uganda katika ligi kubwa za mchezo wao, na uhamisho wao ulikuwa wa maana kuliko nusu ya tetesi tunazosomeshwa kila Januari. Sitaki wapewe shamrashamra za uongo. Ningependa tu wapewe kurasa wanazostahili, kwa sababu gazeti likipima uzito wa habari kwa ukubwa wa ugomvi, wanaohama kwa adabu hawataandikwa kamwe.

Kuna jambo jingine ambalo makelele hulizika kabisa, nalo ndilo linalonigusa zaidi kwa kazi yangu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo, yaani tangu 12 hadi 15, kila mwaka hupata robo ya asilimia moja ya ada yote, na kila mwaka unaofuata hupata nusu ya asilimia. Tuchukue ada ya dola 300,000 kwa mfano. Klabu ndogo iliyomlea kijana kwa miaka ile minne ya mwanzo ingestahili dola 3,000. Kwa klabu kubwa hizo si kitu, lakini kwa timu ya vijana ya wilaya kama yetu hizo ni mipira, viatu, jezi, na nauli ya kwenda kwenye mashindano ya Mbale na Jinja bila kupitisha kofia kwa wazazi.

Fedha hizo hazifiki ikiwa kijana hakuandikishwa. Timu nyingi za mitaani na shule nyingi humlea mtoto bila kumsajili katika chama cha soka, na siku anapouzwa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kupita hapo. Hapo ndipo ningependa hasira ya mashabiki ielekee. Badala ya kuuliza kwa nini fulani ametuacha, tuulize nani alimfundisha kupiga pasi, na je, huyo amelipwa?

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mambo machache. Habari ya uhamisho iseme mkataba wa mchezaji unaisha lini, maana msomaji akijua kwamba umekwisha, neno “ametoroka” linakosa pa kukaa. Tetesi ziwekwe sehemu yake na ziitwe tetesi, na zikithibitika kuwa si kweli, gazeti liseme hivyo kwa herufi za ukubwa uleule. Na kila mchezaji wa Uganda anapouzwa nje, mwandishi wako ampigie simu kocha wake wa kwanza na kuandika jina la timu alikoanzia. Kwa upande wetu, walimu wa michezo wa Tororo tunaweza kukutumia orodha ya timu za vijana za wilaya hii zilizoandikishwa na zile ambazo bado, na barua hii ikichapishwa nitaanza kuikusanya.

Wako katika michezo,

Mwalimu wa michezo,
Tororo