Lipeni wasambazaji kwanza, ndipo mlilie ubunifu

Kwa Mhariri,

Nimesoma ile taarifa yenu iliyodai kwamba viwanda vyetu havibuni kitu kwa sababu havina maabara za utafiti. Madai haya nimeyavumilia miaka mingi, lakini safari hii mmenikera. Mliwahoji wakurugenzi peke yao. Hamkumuuliza hata mtu mmoja anayewauzia chupa, vifuniko, katoni au lebo, ilhali hapo ndipo bidhaa mpya nyingi hufia.

Chukueni chupa ya soda ya plastiki. Kuna shingo ya zamani, PCO 1810, yenye urefu wa milimita 21, na ile fupi, PCO 1881, ya milimita 17. Ukihamia fupi, shingo pekee inapungua takriban gramu 1.3, na kifuniko nacho kinakuwa chepesi. Zidisha kwa chupa milioni 10: tani 13 za plastiki ambazo hukununua. Wazo kama hili kwa kawaida huletwa na mtengenezaji wa prifomu, yaani vile vijichupa vinavyopulizwa kuwa chupa, au wa vifuniko, kwa sababu yeye anaingia kwa wateja wengi na anaona nani amefanya nini. Sasa, hawezi kulitekeleza peke yake. Wa prifomu abadilishe kalibu za shingo, wa vifuniko abadilishe zake, na fundi wa mashine ya kujaza abadilishe vishikio, ashushe vichwa vya kufungia na apime upya nguvu ya kukaza. Vichwa vikiachwa kimo cha zamani, kifuniko hakishiki thredi sawasawa, kinakaa upande, gesi inatoroka, na mzigo unarudishwa kutoka madukani.

Najua kiwanda kimoja hapa Nairobi kilicholetewa wazo hilo na msambazaji wake wa vifuniko, pamoja na michoro. Idara ya ununuzi ilifanya nini? Ilichukua michoro ile ikampa mshindani wa msambazaji huyo atoe bei ya chini! Huyo wa pili alitengeneza vifuniko bila kupewa hata prifomu moja ya kujaribia, na wala hakuwahi kuzungumza na fundi wa mashine. Vikavuja. Kiwanda kikarudi kwenye shingo ndefu, wakubwa wakasema teknolojia hiyo haifai hali ya hewa yetu, na yule wa kwanza tangu hapo analeta mzigo, anasainiwa karatasi, anaondoka. Akiwa na wazo jipya analipeleka Kampala.

Halafu kuna malipo, na hapa ndipo damu inapochemka. Msambazaji akitoa ankara ya shilingi 1,000,000, VAT yake ni 160,000, na KRA, mamlaka ya mapato, inaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Mteja analipa baada ya siku 120, kama muhuri wa kupokea mzigo haukupotea. Katikati hapo msambazaji anakopa kwa asilimia 3 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa miezi minne, na kama faida yake ilikuwa asilimia 10 basi ameshapoteza 20,000 kwa heshima ya kukuhudumia. Pesa za kalibu mpya atazitoa wapi? Kwenye vitabu vya mteja deni hilo linaonekana kama fedha mkononi, mpaka siku wasambazaji wakatae kuleta mzigo. Nakumatt, ule mtandao wa maduka makubwa, ilianguka ikidaiwa mabilioni. Rafu zilikuwa tupu kabla milango haijafungwa. Sheria ya Ushindani inakataza mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo bila sababu, lakini nani atamshtaki mteja anayemnunulia nusu ya mzigo wake?

Linganisheni na Toyota. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha msambazaji wake Aisin kilichotengeneza karibu vali zake zote za breki kiliungua, na Toyota ikalazimika kusimamisha viwanda vyake. Kumtegemea mmoja kiasi hicho lilikuwa kosa lao. Lakini Aisin iligawa michoro, wasambazaji wengine wakaacha kazi zao kutengeneza vali, hata kampuni ya cherehani ya Brother ikaingia, na takriban wiki moja baadaye uzalishaji ulikuwa umerejea. Hapa kwetu wangeomba kwanza malipo ya mwaka juzi.

Na mkiwa hapo, andikeni pia kuhusu usajili wa wasambazaji. Kila mwaka mteja yuleyule anataka upya CR12 (hati ya wamiliki na wakurugenzi wa kampuni), cheti cha kulipa ushuru na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Fundi wa Kariobangi anayeweza kukuchongea kishikio cha shingo jioni hii hana hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo kishikio kinaagizwa ng'ambo na mashine inakisubiri.

Pendekezo langu ni jepesi. Wakuu wote wa ununuzi walipwe mishahara kwa masharti yaleyale: siku 120 tangu wahasibu wapokee fomu, na muhuri ukiwa umefifia, waanze kuhesabu upya. Wakishazoea, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi wa prifomu, wa vifuniko, wa lebo na fundi wa mashine waketi meza moja wakiwa na chupa yenyewe. Mkurugenzi anaweza kuja, mradi alipie chai siku hiyohiyo.

Mdau wa ufungashaji,
Eneo la Viwandani, Nairobi