Barua ya wazi kwa Waziri wa Muungano: tuandikieni njia ya kuulizwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum.

Kwa baba mimi ni mtu wa Mkoani, Pemba. Kwa mama ni mtu wa Tanga, na mama yangu yuko huko mpaka leo. Miaka kadhaa nyuma nilimnunulia televisheni ya inchi 32 Darajani, nikalifunga boksi kwa kanga mbili, nikapanda nalo boti. Nilipoteremka ng'ambo, afisa akaitaka risiti, akaitazama, akaniambia mzigo huu umetoka nje, niulipie tofauti ya ushuru. Nikamuuliza, nje ya wapi? Hakunijibu. Nililipa, na mama sikumwambia.

Sikuandikii kudai hela ile. Nakuandikia kwa sababu ya neno lile, "nje", na kwa sababu ya swali linalozungumzwa kila baraza ya kahawa hapa Unguja, lakini likifika kwenye mkutano wa hadhara anayelisema huitwa mhaini. Wazanzibari, au ndugu zetu wa Bara, wakitaka kuubadili Muungano huu, au hata kutoka, wapite njia gani?

Nimeipekua Katiba ya 1977. Ibara ya kutoka haimo. Kuna ibara ya 98, ambayo inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar ili kubadili mambo yaliyoorodheshwa mwishoni mwa Katiba, na la kwanza kwenye orodha hiyo ni kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano yenyewe. Kwa hiyo, kwa maandishi, wabunge wanaweza kuumaliza Muungano bila kumuuliza mvuvi wa Nungwi wala mkulima wa mkonge wa Korogwe. Ndivyo ulivyoanza pia. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini tarehe 22 Aprili 1964, na siku nne baadaye tukawa nchi moja. Hakuna raia aliyepiga kura, si huku, si kule.

Sasa utazame Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliotia saini Arusha mwaka 1999. Ibara ya 145 inasema wazi: nchi ikitaka kutoka, Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili, kisha itoe taarifa ya miezi kumi na miwili. Na Kenya na Uganda tumewekeana mlango na ufunguo wake. COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, tulitoka mwaka 2000 na hakuna aliyeitwa msaliti. Vipi wenyewe kwa wenyewe tuogope kuandikiana jambo ambalo na majirani tumeliandika?

Walioliuliza mapema yaliwafika. Mzee Aboud Jumbe alitaka kulifikisha suala la serikali tatu, yaani ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano, badala ya mbili tulizonazo, mbele ya Mahakama Maalum ya Katiba. Januari 1984, Dodoma, akalazimika kujiuzulu urais wa Zanzibar. Tume ya Jaji Nyalali ikapendekeza serikali tatu, ikakataliwa. Wabunge 55 wakaidai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, wakazimwa. Ikaja Tume ya Jaji Warioba ya kukusanya maoni ya Katiba mpya, na hapo ndipo tulipoulizwa kweli. Katika Wazanzibari waliozungumzia muundo, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani wa nchi mbili zinazokubaliana kwa mkataba, na 34 serikali mbili. Bara, asilimia 61 walitaka serikali tatu. Bunge Maalum la Katiba likarudisha serikali mbili Oktoba 2014, na kura ya maoni juu ya Katiba hiyo iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Mpaka leo tunaisubiri.

Nikiulizwa mimi, Mheshimiwa, nitapiga kura tubaki pamoja. Mama yangu yuko Tanga; sitaki siku moja niombe viza kwenda kumzika. Lakini nataka kubaki kwangu kuwe kwa hiari yangu, na jirani yangu anayetaka mkataba au kutoka kabisa awe na karatasi yake ya kura bila ya kuogopa.

Na tusikimbilie kuuliza ovyo. Uingereza iliuliza tarehe 23 Juni 2016, kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, bila kwanza kukubaliana kutoka maana yake nini. Asilimia 51.9 wakasema kutoka, kisha wakagombana miaka mitatu na nusu juu ya mpaka wa Ireland na forodha. Scotland walikwenda kwa utulivu zaidi: serikali mbili zilitiliana saini Edinburgh mwaka 2012, wanaotaka kujitenga wakaandika kitabu kizima cha sarafu, madeni na pensheni, ndipo watu wakapiga kura Septemba 2014 na asilimia 55 wakabaki. Sisi nasi tuna ya kuandika kabla. Benki Kuu na mgao wetu wa iliyokuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Deni la taifa. Mzanzibari mwenye nyumba Kariakoo. Mtu wa Bara aliyezaa na kuzeeka Mwanakwerekwe bila kitambulisho cha ukaazi. Mafuta na gesi ya baharini.

Ninachokuomba ni muswada. Useme nani anaweza kudai kura ya maoni, kwa saini ngapi. Useme kuwa mapendekezo ya serikali mbili, tatu, mkataba au kutoka yachapishwe kwa ukamilifu miezi mingi kabla ya kura. Na useme kuwa kura za kila upande zihesabiwe peke yake. Hili la mwisho nalisisitiza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na Zanzibar 1,889,773 tu. Zikimwagwa kapu moja, sisi hatuonekani.

Mwezi ujao nakwenda Tanga. Barua hii nimemsomea mama kwa simu, na ataniuliza kama umejibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwana wa Mkoani na Tanga
Unguja