Tusaidieni Kuhamisha Lango: Wito wa Harambee, Eastleigh

Wazazi, majirani, wenye maduka, madereva na makanga wa matatu namba 6 na 9, hamjambo.

Ukitaka kujua kwa nini tunawaandikia, njoo usimame mbele ya lango la shule yetu saa moja kasorobo asubuhi. Matatu inashusha abiria katikati ya barabara kwa kuwa ukingo umejaa bidhaa. Nyuma yake unakuja mkokoteni wenye marobota ya nguo yaliyompita kimo anayeusukuma, na breki yake ni kipande cha tairi kilichofungwa nyuma. Bodaboda inapenya upande usio wake. Na hapo kati, msichana wa Gredi ya Nne kamshika mdogo wake kwa ukanda wa begi, wanachungulia baina ya magari mawili.

Muhula uliopita mtoto wa Gredi ya Pili alichungulia hivyo hivyo, bodaboda ikamvunja mkono. Tulisema tushukuru ni mkono tu. Mamake hapendi kusikia hivyo, na ana haki.

Tumekaa vikao vinne, tukalaumiana vya kutosha. Kuna waliotaka tumwage zege usiku, tujiwekee tuta wenyewe. Hapana. Barabara ina wenyewe, na tuta lisilo na ruhusa wala rangi litamwangusha mwenye pikipiki gizani. Wengine wakasema tungoje kaunti, maana Katiba ya 2010 imeikabidhi barabara zake, taa za barabarani na maegesho. Ni kweli, na barua ya kuomba tuta na kivuko tumeshapeleka. Lakini barua haimvushi mtoto kesho asubuhi.

Ndipo mzazi mmoja aliyekuwa kimya kikao kizima akauliza: kwani lazima lango liwe huku?

Nyuma ya shule kuna kichochoro ambacho matatu haziingii. Ukuta ni wetu, kiwanja ni chetu. Tukifungua lango upande ule, watoto wengi hawatakanyaga barabara kubwa kabisa. Wanaotoka ng'ambo watavushwa mahali pamoja, penye njia panda, na watu wazima wawili waliovaa reflekta. Nanyi madereva mtapumua: foleni ya asubuhi hapa inaanzia langoni petu, kila mzazi akisimamisha gari "dakika moja tu". Lango la mbele litabaki la magari ya shule, nalo litafunguliwa watoto wakishaingia darasani.

Si jambo la kubahatisha. Dar es Salaam, Amend, shirika la usalama barabarani, lilipita shule kwa shule likiweka matuta, vigingi na njia za miguu, na penginepo kuhamishia lango barabara tulivu zaidi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji. Ni vitu ambavyo fundi wa mtaani anaviweza.

Wapakuaji mizigo wa kichochoroni wamekubali kuacha njia wazi asubuhi mpaka kengele ilie, na tena watoto wakitoka. Nasi tumewaahidi hatutawaitia kanjo, yaani askari wa kaunti. Ahadi hiyo tafadhali tuitunze.

Sasa pesa. Kubomoa ukuta na kuweka lango la chuma kutoka kwa fundi wa Kamukunji ni shilingi 95,000. Njia ya kabro kutoka langoni hadi madarasani, 110,000. Hapo pakinyesha huwa tope tupu. Wavushaji wawili, shilingi 500 kila mmoja kwa siku, siku 60 za muhula, ni 60,000. Reflekta na vibao vya SIMAMA, 5,000. Jumla 270,000. Wazazi wameshatoa 62,000, zimebaki 208,000. Pesa zikija kidogo kidogo, wavushaji wataanza kwanza, kisha lango, kabro mwisho.

Kadi za harambee wamepewa watoto, na nyingine ziko ofisini kwa mwalimu mkuu. Nambari ya paybill imeandikwa kwenye kadi; tafadhali usitume kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa mwanakamati. Kila Ijumaa hesabu itabandikwa langoni, jina na kiasi, isipokuwa kwa asiyetaka kutajwa.

Tunakutana uwanjani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mwenye duka anaweza kuleta saruji au mchanga badala ya pesa. Asiye na kitu aje na sururu, ukuta tutaubomoa siku hiyo hiyo.

Katibu, kamati ya wazazi