Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: kabla hamjampandisha mtu cheo, waulizeni na walio chini yake

Mheshimiwa Waziri, shikamoo, na kama umri wetu unalingana basi ipokee tu hivyohivyo, sisi tulizoeshwa salamu kwanza maneno baadaye.

Mimi ni sajenti mstaafu, naishi Mbagala, nina kiduka changu cha vifaa vya umeme. Kikosi nilichotumikia sikitaji na mkuu wangu simtaji, sijaja kumchafua mtu, ila juzi nimesikia amepanda tena na chai ikanipalia.

Ngoja nikupe stori ya mawe. Ukaguzi ukikaribia tulikuwa tunaamshwa saa tisa usiku kupaka chokaa mawe kuanzia getini mpaka mlangoni kwa ofisi yake, brashi hazitoshi, wengine tunapakia soksi kuukuu, vidole vinababuka, na asubuhi hiyohiyo tupo kwenye gwaride tumenyooka kama misumari. Mkubwa kutoka juu anafika, anapita katikati ya yale mawe, anauliza vijana mna shida yoyote, na mkuu wetu kasimama nyuma yake hatua moja anatukodolea macho. Wewe ungejibu nini? Tukajibu kwa sauti moja, hakuna afande! Na muda huo koplo wangu ana siku ya tatu anaomba ruhusa akamzike mama yake Newala, karatasi iko mezani haijasainiwa kisa vifaranga vya mkuu alivyokuwa analeleshwa huyo koplo (ndiyo, askari aliyefundishwa shabaha kwa hela ya serikali analea broila) vimekufa kwa baridi. Alifika kaburini wiki nzima baadaye. Ripoti ya ukaguzi ikatoka safi, kikosi kina nidhamu, mkuu akaongezewa nyota.

Wala siwalaumu waliompa ile nyota, wao waliona mawe meupe.

Utasema si mngelalamika. Malalamiko yetu yalikuwa yanapitia kwake yeye mwenyewe, kesi ya ngedere hakimu nyani.

Na nieleweke, silalamikii ukali. Tuliwahi kuwa na meja mmoja ukisikia buti zake koridoni tumbo linakata, lakini tukiwa porini kwenye mazoezi alikuwa anakula wa mwisho, makande yakiisha anakunywa chai ya rangi analala, na ruhusa ya msiba anaisaini hata akiwa amesimama. Huyo alistaafu na umeja wake. Wanoko wakapanda.

Wamarekani nao hili liliwasumbua. Zamani bodi yao ya kuchagua makamanda ilikuwa inasoma faili la mtu dakika chache tu imemaliza, mwaka 2020 jeshi lao la nchi kavu likaanzisha utaratibu mwingine wa kuchagua maluteni kanali wa kukabidhiwa vikosi, wakawa wanaitwa kambi ya Fort Knox kule Kentucky siku kadhaa, wanakimbizwa, wanaandikishwa insha, wanakaa na mwanasaikolojia, na kwenye usaili liliwekwa pazia ili anayehoji asijue anamhoji nani. Kilichonigusa mimi sio pazia, ni kwamba waliulizwa pia watu ambao ofisa huyo alifanya nao kazi na waliokuwa chini yake. Hawa wa chini! Najua mtaniambia askari watamkomoa kamanda mkali. Mmoja atakomoa kweli, ila ukiuliza ishirini mmoja mmoja, kwa bahasha isiyopita ofisini kwake, na wote wakakutajia vifaranga, hapo kuna jambo.

Sisi hili la vyeo na manung'uniko ya chini tunalijua tangu zamani. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, pale kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo, waliasi kwa sababu ya mishahara na maofisa wa Kiingereza waliokuwa bado wameshikilia vyeo, mpaka Mwalimu akalazimika kuomba msaada kwa Waingereza haohao. JWTZ, jeshi letu la sasa, ikazaliwa Septemba 1 mwaka huohuo. Mungu apishie mbali yasijirudie, na sisemi yatajirudia, watu wetu wana nidhamu sana tu, wanameza. Ila anayemeza haandikwi kwenye ripoti yoyote.

Nachoomba ni hizo bahasha tu Mheshimiwa, anzeni na wanaotaka kupewa vikosi.

Mimi bado napita pale kikosini kwetu na daladala nikienda kufuata mzigo Kariakoo. Nikiona mawe yamekuwa meupe pee najua wiki hii kuna mgeni.